Jumamosi Nne Bustanini: Tathmini ya Mafunzo ya Bioanuwai kwa Watoto, Moshi

Mwezi Novemba mwaka jana niliwapeleka wanangu wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita, kwenye mafunzo ya bustani yanayoendeshwa kwenye mteremko ulio juu ya mji wa Moshi, mwendo wa kama nusu saa kwa hiace kutoka stendi. Mafunzo yalikuwa ya Jumamosi nne mfululizo, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa ada ya shilingi 60,000 kwa kila mtoto, pamoja na chai ya saa nne. Tangazo liliahidi kwamba watoto watajifunza bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, kwa vitendo. Jina la bustani nimeamua kutolitaja, kwa sababu nina lalamiko moja zito ambalo wahusika walilipokea kwa uungwana, na sioni haki ya kuwaanika. Mzazi anayefikiria mafunzo ya aina hii anaweza kuyachukua haya ninayoyaeleza na kumuuliza mwendeshaji yeyote kabla hajalipa.

Niseme mapema kwamba kati ya yote tuliyoonyeshwa, ni jambo moja tu lililostahili ada nzima, nalo ni mraba wa kamba. Siku ya kwanza kila kikundi cha watoto wanne kilipewa vijiti vinne vya mwanzi na kamba ya katani, kikatakiwa kuchagua mahali popote bustanini na kupima mraba wa mita moja kwa mita moja. Mahali hapo pakawa pao kwa mwezi mzima. Kazi yao ilikuwa kuhesabu: mimea iliyomo ni ya aina ngapi, wadudu na viumbe wengine ni wa aina ngapi, nani anakaa juu ya jani na nani anajificha chini yake. Hawakulazimishwa kujua majina. Mdudu wasiyemjua walimchora daftarini na kumpa jina lao wenyewe, na ndiyo maana binti yangu alirudi nyumbani na orodha yenye "mweusi anayeng'aa", "mwenye mkia wa panda" na "yule anayejifanya mavi ya ndege".

Huyo wa mwisho nilimwona kwa macho yangu, kwa kuwa wazazi waliruhusiwa kubaki ilimradi wakae nyuma na wanyamaze. Kikundi cha binti yangu kilikuwa kimechagua kona yenye mche wa mlimau, kabichi tatu za mwisho wa tuta na ukoka mwingi. Juu ya jani changa la mlimau kulikuwa na kitu cha kahawia chenye baka jeupe mgongoni, ambacho mtu mzima angekipita akidhani ndege ameacha alama yake. Mwalimu aliwaambia wakitazame kwa lenzi ya mkononi mpaka kisogee. Walisubiri kwa muda ambao nisingeamini kwamba watoto wanne wanaweza kunyamaza. Kilipoinua kichwa na kuanza kutafuna ukingo wa jani, wote walipiga kelele kwa pamoja. Kilikuwa kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, anayetaga mayai yake kwenye milimau na michungwa. Jumamosi iliyofuata kiwavi alikuwa amejivua ngozi na kuwa kijani kibichi, kwa hiyo kikundi kiliandika kwamba wa kwanza amehama na mgeni amechukua nafasi yake. Mwalimu hakuwasahihisha papo hapo. Alichukua unyasi na kumgusa yule wa kijani nyuma ya kichwa, na hapo zikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, ambazo kiwavi huzitumia kuwafukuza wanaotaka kumla. Baada ya hapo akawauliza: kama huyu wa kijani anajikinga kwa harufu, yule wa kahawia alijikinga kwa njia gani? Mtoto mmoja alijibu kwamba hakuna anayekula mavi. Ndipo walipoelewa kwamba ni kiwavi yuleyule.

Mwalimu huyo, dada kijana ambaye kwa kusikia tu nilijua amekulia hukohuko mlimani, ndiye hazina ya mafunzo haya. Ana subira na hajidai kujua kila kitu, na swali lililomshinda aliliandika ubaoni na kuliacha hapo hadi wiki iliyofuata.

Zoezi la pili kwa ubora lilikuwa la maboga, na ndilo lililonifanya nielewe kwa nini mafunzo yanaanza mapema vile. Ua la boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri, hivyo anayechelewa hukosa. Watoto walifundishwa kwanza kutofautisha ua dume, ambalo lina kikonyo chembamba kirefu, na ua jike, ambalo lina kiboga kidogo chini yake hata kabla ya kuchavushwa. Mwalimu alikuwa ameyafunika maua jike kadhaa tangu Ijumaa jioni kwa vipande vya chandarua kuukuu, ili nyuki wasiyafikie. Asubuhi ile watoto walichuma maua dume, wakabandua petali zake, wakapaka chavua kwenye baadhi ya maua jike, wakayafunga uzi mwekundu na kuyafunika tena. Mengine waliyaacha ndani ya chandarua bila kuyagusa. Baada ya wiki moja, yaliyofungwa uzi mwekundu, isipokuwa moja, yalikuwa yametuna kama ngumi ya mtoto, na yasiyoguswa yalikuwa yamekauka na kudondoka. Hakuna hotuba iliyohitajika kuhusu faida ya nyuki. Mwanangu wa miaka sita, ambaye mengi yalimpita, alilifahamu hili barabara na hadi leo anawaambia wageni kwamba boga lina baba.

Sasa nije kwenye lalamiko. Jumamosi ya tatu tulipofika, nilisikia harufu ambayo kila aliyelelewa karibu na shamba la kahawa anaijua. Bustani ile huuza mboga mjini, na mfanyakazi anayehudumia kabichi alikuwa amepita na bomba la dawa siku mbili kabla, kwa sababu vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, walikuwa wameanza kujaa kwenye majani ya ndani. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye ncha ya tuta lake kuna mraba wa watoto, na hakuna aliyetuambia sisi kwamba dawa imepulizwa. Watoto walikuwa wameshapiga magoti na kuanza kupekua majani kwa mikono mitupu kabla sijamfikia mwalimu. Kiwavi wa mlimau alikuwa ananing'inia kwenye jani, mweusi na mlegevu. Kikundi kile kilichohesabu aina 14 za viumbe wadogo wiki iliyotangulia kilipata tano.

Nililisema wazi kwa mwenye bustani na ninalirudia hapa: kuwaingiza watoto kwenye eneo lililopuliziwa sumu, bila kujua ni dawa gani na inahitaji siku ngapi kabla ya watu kuingia, ni kosa ambalo haliondolewi na uzuri wa mengine yote. Mwenye bustani aliniomba radhi palepale, watoto wakapelekwa kunawa kwa sabuni na kikundi kikahamishiwa upande wa pili. Jumamosi ya nne tulikuta kibao getini kinachosema kwamba hakuna kupuliza dawa katika kipindi chote cha mafunzo. Simlaumu yule mfanyakazi wa kabichi, ambaye alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ninaulaumu uongozi uliouza mafunzo ya viumbe hai mahali ambapo mkono wa kushoto haujui bomba la mkono wa kulia.

Hata hivyo, lililonisikitisha zaidi kama mzazi ni kwamba somo kubwa kuliko yote ya mwezi ule lilijileta lenyewe na karibu lipotee. Mwalimu, kwa aibu nadhani, alilipitia jambo lile harakaharaka na kuwahamishia watoto kwenye mchezo mwingine. Binti yangu ndiye aliyeng'ang'ania. Jumamosi ya nne aliomba aruhusiwe kuutazama mraba wa zamani kwa macho tu, na akaandika alichokiona: vidukari wamerudi, tena wengi, na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaowala vidukari hawajarudi hata mmoja. Hakuwa na maelezo, alikuwa na hesabu tu. Maelezo tulimpa sisi nyumbani jioni: kidukari jike huzaa bila kuhitaji dume, huzaa watoto walio hai bila kutaga, na watoto hao huwa tayari kuzaa baada ya siku chache tu, ilhali mdudu anayewala hupitia hatua za yai, buu na pupa kabla ya kukomaa, na hawezi kuongezeka mahali pasipo na chakula. Kwa hiyo dawa inapoua wote kwa pamoja, mwenye kuliwa ndiye anayetangulia kurudi. Mtoto wa miaka tisa alifika mlangoni mwa ukweli huo kwa kulinganisha kurasa tatu za daftari lake, kwa sababu alihesabu mahali palepale, kwa namna ileile, wiki baada ya wiki. Laiti mwendeshaji angelijua thamani ya alichokuwa nacho mkononi.

Kwenye rundo la mboji mambo yalikuwa mepesi zaidi na vicheko vingi. Watoto walipindua mboji kwa reki, wakatenganisha nyungunyungu, jongoo na tandu kwenye sahani nyeupe za plastiki. Wengi walidhani jongoo na tandu ni ndugu wa damu. Walionyeshwa kwamba jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kila pingili, huenda taratibu na hula majani yaliyooza, na tandu ana jozi moja kwa pingili, hukimbia, huwinda na huuma, kwa hiyo huyo aliguswa kwa kijiti tu. Mwanangu alimshika jongoo, naye akajikunja na kumwachia doa la kahawia kiganjani ambalo lilidumu hadi Jumatatu. Majimaji hayo huwasha yakiingia machoni, na hapa ninaona upungufu mwingine: maji ya kunawa yalikuwa ndoo moja yenye koki kwa watoto ishirini na wanane. Tuliambiwa wakati wa kujiandikisha kwamba hawatazidi kumi na sita. Lenzi zilikuwa tano, na mbili kati ya hizo zimechubuka kiasi kwamba mtu huona vizuri zaidi bila lenzi.

Kuhusu kipindi cha ndani, kinachofuata baada ya chai, sina mengi ya kusema. Watoto waliotoka kumwona jongoo akijikunja walikalishwa kwenye mabenchi na kuonyeshwa picha za tembo, faru na simba kwa karibu dakika arobaini, kana kwamba bioanuwai ni jambo la hifadhini ambalo mtu hulipia kiingilio. Kadi walizogawiwa zilikuwa za Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza, ila mtoto anayejua jongoo kwa Kiswahili na ambaye bibi yake anamjua kwa Kichaga hakuhitaji kumsoma upya kwa lugha ya tatu kabla ya kuruhusiwa kumweka kwenye orodha. Mwalimu mwenyewe alifundisha kwa Kiswahili safi, na kadi zilibaki kwenye benchi.

Jumamosi ya mwisho tulivuka mfongo, yaani mfereji wa maji, na kuingia katika kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, cha jirani, mzee ambaye umri wake sikuuliza lakini aliyetembea kwenye matope yale kwa wepesi kutuzidi sote. Ninakiri kwamba nilikwenda bila matarajio, kwa kuwa nimezaliwa katika kihamba na nilidhani hakuna jipya. Utafiti uliofanywa kwenye vihamba vya Kilimanjaro umeorodhesha zaidi ya aina 500 za mimea, na sehemu kubwa ya hiyo ni mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Lakini mzee hakuzungumza kwa takwimu. Aliwaambia watoto walale chali kwenye matandazo na kutazama juu. Juu kabisa waliona mringaringa na msesewe, ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, ili kuipa uchungu. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni iliyohifadhiwa na kivuli, na chini ya mibuni magimbi na mnavu uliojiotea. Watoto walipewa dakika kumi za kumtaja kila kiumbe waliyemwona na ghorofa anayoishi. Kwenye ghorofa ya kahawa walimkuta kinyonga, na nusu ya kundi likakimbia. Mzee alimwacha apande mkononi mwake, akamtembeza bega hadi bega, na taratibu waliokimbia wakaanza kurudi.

Akawauliza kama mgomba una mbegu. Walivunja ndizi mbivu na kuonyesha vile vidoa vyeusi vya katikati. "Hizo ni kumbukumbu za mbegu," mzee alisema, "haziwezi kuota. Chipukizi unalolihamisha ni mama yuleyule amehamia mahali pengine. Ndiyo maana ugonjwa ukishajua kumuua mmoja, umejua kuwaua wote wa ukoo wake." Akawaonyesha mahali ambapo migomba ya aina ya kisukari ilipatwa na ugonjwa wa mnyauko na ikang'olewa yote, na migomba ya aina ya mshare iliyosimama hatua tatu kutoka hapo ikiwa mizima. Nyumbani kwake ana mshare kwa ajili ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ana ndizi za mbege, na ana nyingine ambazo alisema anazitunza kwa sababu baba yake alizitunza. Kisha akawapeleka kwenye zizi, ambamo ng'ombe alikuwa akitafuna vipande vya mgomba, na samadi yake ikiwa imelundikwa tayari kurudi kwenye shina la mgomba mwingine. Mpakani alivunja jani la mmea uitwao isale, akaeleza kwamba ndilo linaloonyesha mwisho wa shamba na ndilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha. Mtoto mmoja aliuliza kama mwenye bustani ya kabichi alipewa. Wazazi tulitazama pembeni.

Sisi wa rika langu tulikuwa na shamba la shule, na serikali ilikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, lakini nikisema kweli, jembe kwetu lilikuwa adhabu ya mchelewaji. Tulifyeka, tukapalilia, tukabeba samadi kichwani, na hakuna aliyetuambia tuiname tuone ni nani anaishi pale tunapopalilia. Kuwaona watoto wakigombania zamu ya kushika reki kulinifurahisha na kunikera kidogo.

Kwa upande wa huduma nyingine, chai ilikuwa ya maziwa na iliandamana na ndizi za kuchemsha na karanga, chakula cha kutosha. Choo ni cha shimo, kisafi. Njia ya kuingilia huwa ni tope tupu wakati wa vuli, na mtoto asiye na mabuti hurudi na kiatu kimoja. Hakuna mahali pa kujikinga na mvua isipokuwa lile banda la mabenchi, kwa hiyo mvua ikinyesha ni tembo na faru hadi saa sita. Fedha hulipwa yote mwanzoni na hairudishwi mtoto akiugua, ingawa waliniahidi kwa mdomo kwamba Jumamosi iliyokosekana inaweza kufidiwa.

Kipimo changu kilikuja Desemba, tulipopanda mlimani kwa mama mkwe. Binti yangu alikuwa ameficha kamba ya katani kwenye begi la nguo. Baada ya kumwamkia bibi yake alikwenda nyuma ya nyumba, akapima mraba wake kati ya migomba miwili na kuhesabu aina 23 za mimea. Kisha akamwita bibi aje kutaja majina. Bibi aliyataja kwa Kichaga, moja baada ya jingine, akashindwa mawili tu. "Na hili, bibi, ni gugu?" binti aliuliza. "Gugu ni kwako wewe, mjukuu wangu. Ng'ombe wangu anakula." Walikaa pale hadi giza likaingia, na ugali wangu ukapoa.

Awamu inayofuata ni baada ya masika. Nimeshamlipia binti, kwa sharti la maandishi kwamba hakutakuwa na bomba bustanini wala watoto zaidi ya kumi na sita, na mwenye bustani ametia saini bila kusita. Mdogo wake atasubiri mpaka atimize miaka minane, kwa sababu kazi ya kuhesabu ilimchosha mapema na mara mbili nilimkuta amelala kwenye rundo la matandazo. Lenzi tutabeba yetu.